Chuma Ardhini, Damu Mwilini: Sayansi ya Mimea kwa Bustani ya Nyumbani

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala haya, msomaji ataweza:
1. kueleza jinsi mmea unavyojilisha kwa mwanga, hewa, maji na madini;
2. kutambua dalili za upungufu wa virutubisho kwa kutazama majani;
3. kuandaa udongo na maji ya bustani bila kuhatarisha afya ya familia;
4. kuandaa mboga kwa namna inayouwezesha mwili kunufaika na madini ya chuma yaliyomo.

Utangulizi

Chukulia mfano wa mama mjamzito anayeishi pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam. Katika hudhurio lake la kwanza kliniki, akiwa na mimba ya miezi miwili, anapimwa damu na kuambiwa kuwa hemoglobini yake ni gramu 9 kwa desilita. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mjamzito aliye katika miezi mitatu ya kwanza huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu ikiwa kiwango chake kiko chini ya gramu 11. Anapewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, pamoja na ushauri ambao karibu kila mjamzito huupata: “Ule mboga za majani kwa wingi, mama.”

Anarudi nyumbani, analima kipande cha ardhi nyuma ya nyumba na kusia mchicha. Baada ya wiki tatu, majani machanga yanageuka kuwa ya njano. Anamwaga majivu, kwa sababu ameambiwa kuwa majivu ni mbolea na hufukuza wadudu. Rangi ya njano inazidi. Anaongeza maji asubuhi na jioni, mengi yakiwa ni yale yaliyobaki baada ya kufua, miche inanyong’onyea. Mwishowe anaiacha bustani na kurudia kununua fungu la mchicha sokoni siku anazokuwa na fedha.

Mama huyu hakuwa mvivu wala mzembe. Alitibu kabla ya kupima. Kosa hilo mhudumu wa afya asingelifanya kwa mgonjwa, lakini hufanyika kila siku kwa mimea, na gharama yake hulipwa mezani.

Suala hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto uliofanyika Tanzania mwaka 2015–16 ulionesha kwamba wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu, na watoto 58 kati ya kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na tatizo hilohilo. Upungufu wa damu una vyanzo vingi, vikiwemo malaria, minyoo na selimundu. Lakini upungufu wa madini ya chuma ni miongoni mwa vyanzo vikuu, na bustani ya nyumbani ni moja ya njia zilizo karibu na kila kaya.

Hoja kuu ya somo hili ni moja: kuwepo kwa kitu si sawa na kupatikana kwake. Chuma kinaweza kujaa udongoni na mmea ukakikosa. Kinaweza kuwepo katika sahani na mwili ukakikosa pia.

Mmea unakula nini?

Watu wengi huamini kwamba mmea hula udongo. Daktari Jan Baptist van Helmont, aliyeishi karibu na Brussels katika karne ya 17, aliamua kulipima jambo hilo. Alipanda mche wa mti katika chombo chenye udongo aliokuwa ameupima uzito, akaumwagilia maji kwa miaka 5. Mti uliongezeka uzito kwa takribani kilo 74, ilhali udongo ulipungua kwa gramu chache tu, chini ya gramu 100. Van Helmont alihitimisha kwamba mti umejengwa kwa maji peke yake. Hapo alikosea, lakini alikuwa ameonesha kwa kipimo kwamba sehemu kubwa ya mwili wa mmea haitoki ardhini.

Sehemu nyingine ya jibu ilitolewa na daktari mwingine, Jan Ingenhousz, aliyejulikana pia kwa kazi yake ya kuikinga familia ya kifalme ya Vienna dhidi ya ndui mwaka 1768. Mwaka 1779 alichapisha majaribio yaliyoonesha kwamba sehemu za kijani za mmea hutoa hewa safi zikiwa katika mwanga wa jua, na kwamba gizani hazifanyi hivyo. Leo mchakato huo unaitwa usanisinuru. Jani huingiza kabonidayoksaidi kupitia vitundu vidogo viitwavyo stomata. Mizizi hupandisha maji. Na klorofili, yaani rangi ya kijani ya jani, hunasa nishati ya jua ili viwili hivyo viungane kuwa sukari. Oksijeni hutolewa nje.

Kutokana na maelezo hayo, kanuni ya kwanza ya bustani ni kuchagua mahali kwa kutazama jua kabla ya kutazama udongo. Mboga nyingi za majani zinahitaji mwanga wa jua wa moja kwa moja kwa takribani saa 6 kwa siku. Mchicha, ambao asili yake ni nchi za joto, hutumia jua kali vizuri kuliko mboga nyingi. Tuta lililowekwa chini ya mwembe, hata likipewa mbolea bora, litatoa miche mirefu na dhaifu inayoinama kuutafuta mwanga. Udongo unaweza kurekebishwa, lakini kivuli cha ukuta wa jirani hakiondolewi kwa samadi.

Madini machache, kazi kubwa

Gramu zile chache zilizopungua katika udongo wa van Helmont zina uzito mdogo, lakini bila hizo mti haukui. Naitrojeni hujenga protini na klorofili. Fosforasi huhusika katika kusafirisha nishati na kukuza mizizi. Potasiamu hurekebisha maji katika seli na kufungua au kufunga stomata. Magnesiamu imo katikati ya kila molekuli ya klorofili. Chuma hakimo ndani ya klorofili, lakini mmea hauwezi kuitengeneza bila chuma. Wanasayansi wa Ujerumani wa karne ya 19, Carl Sprengel na baadaye Justus von Liebig, walieleza kwamba ukuaji wa mmea huwekewa mpaka na kirutubisho kilicho haba zaidi. Hivyo, kuongeza naitrojeni kwenye tuta linalokosa chuma ni sawa na kumwongezea wali mtoto anayekosa protini.

Kusoma dalili

Daktari huanza na swali: “Ni wapi panapouma?” Mkulima wa bustani naye aanze hivyo: ni majani gani yaliyogeuka njano, ya chini au ya juu?

Baadhi ya virutubisho huweza kuhama ndani ya mmea. Vikipungua, mmea huviondoa katika majani yaliyozeeka na kuvipeleka kwenye majani machanga. Vingine vikishajenga jani havihami kwa urahisi, na upungufu wake huonekana kwenye jani jipya. Tofauti hiyo ndiyo inayosaidia kutambua tatizo:

Majani ya chini yakiwa ya njano jani zima, na mmea ukidumaa, mara nyingi ni upungufu wa naitrojeni. Majani ya chini yakiwa ya njano kati ya mishipa huku mishipa ikibaki ya kijani, shuku magnesiamu. Kingo za majani ya chini zikikauka kama zilizoungua, shuku potasiamu. Majani ya chini yakiwa na rangi ya zambarau na mmea ukiwa mdogo, shuku fosforasi. Majani machanga ya juu yakiwa ya njano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, hiyo ni dalili ya kawaida ya upungufu wa chuma. Nyanya ikioza kitako na kuwa na doa jeusi lililodidimia, tatizo ni kalsiamu kutofika kwenye tunda, na chanzo cha kawaida ni umwagiliaji usio na mpangilio: leo mafuriko, kesho ukame.

Mchicha wa mama aliyetajwa katika utangulizi ulikuwa wa njano juu, si chini. Mimea yake ilikosa chuma. Je, udongo wake haukuwa na chuma?

Chuma kilichofungwa

Chuma ni miongoni mwa madini yaliyo mengi zaidi katika ardhi. Wekundu wa udongo wa sehemu nyingi za Tanzania hutokana na madini hayo. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa chuma hicho kimo katika umbo lisiloyeyuka katika maji. Udongo ukiwa na asidi kiasi, sehemu yake huyeyuka na kufikika na mizizi. Udongo ukiwa wa alkali, chuma hufungika kana kwamba hakipo.

Maeneo mengi ya mwambao wa Afrika Mashariki yana udongo uliotokana na mawe ya matumbawe, ambao una chokaa nyingi na kwa hiyo ni wa alkali. Majivu ya kuni na mkaa nayo ni ya alkali, vivyo hivyo maji ya sabuni. Kwa kuongeza majivu na maji ya kufulia, mama yule aliendelea kukaza kifungo ambacho tayari kilikuwepo. Majivu yana potasiamu na kalsiamu, na hufaa pale udongo unapokuwa na asidi nyingi. Mahali pasipo na shida hiyo ni dawa iliyotolewa kwa mgonjwa asiyeihitaji.

Kipimo rahisi kinaweza kufanyika nyumbani. Chukua kijiko cha udongo mkavu, dondoshea siki, kisha sikiliza na utazame. Udongo ukitoa mapovu, una chokaa. Bustani hiyo isiwekewe majivu. Kipimo cha pili ni cha chembe za udongo: jaza theluthi moja ya chupa angavu kwa udongo, ongeza maji, tikisa vizuri, kisha iache itulie hadi siku inayofuata. Mchanga hutua chini ndani ya dakika chache, tope laini hufuata, na mfinyanzi hutua mwisho. Tabaka la mchanga likiwa kubwa mno, udongo huo haushiki maji wala virutubisho.

Kwa hali zote mbili, tiba ya msingi ni mboji iliyoiva. Mboji hushika maji katika mchanga, huachia naitrojeni polepole, na viambata vyake hukishika chuma katika hali ambayo mizizi inaweza kukipokea. Mahali ambapo ardhi ni mawe matupu ya matumbawe, ni bora kupanda kwenye viroba, ndoo zilizotobolewa au matuta ya kuinuliwa, kwa mchanganyiko wa udongo mzuri na mboji.

Mizizi inapumua

Usanisinuru hufanyika katika jani, lakini mzizi hauna mwanga. Huletewa sukari kutoka juu na huivunja kwa kutumia oksijeni iliyo katika nafasi za udongo. Nafasi hizo zikijaa maji wakati wote, mzizi hukosa hewa, hufa na kuoza. Kisha mmea hunyauka ukiwa umesimama majini. Anayeona mnyauko huo na kuongeza maji humalizia kuua.

Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Pakiwa na unyevu, subiri. Mwagilia asubuhi, kwenye shina badala ya juu ya majani, kwa sababu majani yanayolala na maji hukaribisha ukungu. Tandaza nyasi kavu juu ya tuta: matandazo hupunguza uvukizi na huzuia matone kurusha udongo na vijidudu kwenye majani yatakayoliwa. Maji ya visima vya chumvi, ambavyo ni vingi karibu na bahari, yatumiwe kwa tahadhari. Chumvi ikizidi nje ya mzizi, maji hushindwa kuingia ndani, na mmea hupata kiu katikati ya unyevu.

Hatari zinazotoka bustanini

Bustani inayokusudiwa kuongeza damu inaweza pia kuipunguza. Mabuu ya minyoo ya safura huishi katika udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi cha binadamu, na huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu isiyo na viatu. Wakifika katika utumbo, minyoo hao hunyonya damu kila siku. Kwa hiyo viatu vya kufunika miguu na glavu ni sehemu ya tiba ya upungufu wa damu, sawa na mchicha wenyewe. Kinyesi cha binadamu kisitumike kabisa katika bustani ya mboga.

Samadi mbichi huunguza mizizi kwa amonia na hubeba bakteria wa kuharisha. Iozeshwe kwanza. Lundo lenye urefu, upana na kimo cha takribani mita 1, lililochanganya samadi, majani mabichi na majani makavu, hupata joto linaloweza kufikia nyuzi 55 za Selsiasi na zaidi kutokana na kazi ya vijidudu. Joto hilo likidumu kwa siku kadhaa huua vimelea vingi. Lundo ligeuzwe mara kwa mara ili sehemu za nje nazo zipate joto, kisha liachwe kwa miezi 2 hadi 3. Mboji iliyoiva imepoa, ni nyeusi na hunukia udongo.

Maji ya mifereji na mito inayopokea taka za viwanda na vyoo ni hatari ya aina nyingine. Vijidudu hukaa zaidi juu ya jani, na kuosha kwa maji safi yanayotiririka pamoja na kupika hupunguza hatari yake. Risasi na kadimiamu, ambazo ni metali nzito, zinaweza kuingia ndani ya jani kupitia mizizi. Haziondoki kwa kuosha wala kwa kupika. Kwa sababu hiyo, tuta lisiwekwe karibu na gereji, mahali palipochomwa taka au kuvunjwa betri, wala chini ya ukuta unaobanduka rangi ya zamani. Pasipokuwa na nafasi nyingine, tumia viroba vyenye udongo ulioletwa kutoka mahali salama.

Makopo na ndoo za maji ya bustani zifunikwe au kumwagwa, kwani mbu wanaoeneza homa ya dengi huzaliana katika maji machache yaliyotuama. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019.

Kuhusu wadudu, naitrojeni iliyozidi hufanya majani kuwa laini na kuvutia vidukari. Mara nyingi inatosha kuwaondoa kwa maji yenye msukumo, kupanda mazao mchanganyiko, na kubadilisha mazao kwenye tuta kila msimu. Baada ya mchicha panda kunde: mizizi yake hufuga bakteria kwenye vinundu wanaonasa naitrojeni ya hewani, na majani yake ni mboga. Kiuatilifu kikilazimika kutumika, kiwe kilichosajiliwa kwa mboga, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye kibandiko ziheshimiwe.

Kutoka tutani hadi damuni

Katika udongo wenye chokaa, mizizi ya mimea mingi isiyo ya jamii ya nyasi hupambana na kifungo cha chuma kwa njia mbili: hutoa asidi kidogo katika udongo unaoizunguka, kisha hubadili chuma kutoka umbo lisiloyeyuka kwa urahisi kwenda umbo linaloyeyuka, ndipo hukiingiza ndani. Utumbo wa binadamu hufanya karibu vilevile. Asidi ya tumbo hukiyeyusha chuma cha mboga, na mwanzoni mwa utumbo mwembamba hubadilishwa umbo kabla ya kupokelewa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya chuma cha mboga hupita bila kufyonzwa.

Vitamini C hufungua kifungo hicho. Kwa kuwa vitamini hiyo huharibika kwa moto, kamulia ndimu mboga ikiwa imekwisha kuepuliwa, au mlo uambatane na chungwa, pera au embe. Dagaa, samaki au nyama kidogo pia husaidia chuma cha mboga kufyonzwa, mbali na kuongeza chuma chao wenyewe. Kinyume chake, chai na kahawa vina viambata vinavyokifunga chuma tumboni, kama chokaa inavyokifunga ardhini. Chai isinywewe pamoja na mlo wala pamoja na vidonge vya chuma. Ipishane navyo kwa angalau saa moja.

Majani ya kijani yana pia betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, muhimu kwa macho na kinga. Ili ifyonzwe inahitaji mafuta kidogo. Nazi, karanga au kijiko cha mafuta ya kupikia hutosha. Mboga zipikwe kwa muda mfupi na maji machache. Kisamvu ni tofauti: majani ya muhogo yana viambata vinavyotoa sumu ya sianidi, hivyo ni lazima yatwangwe vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu katika sufuria isiyofunikwa.

Ikumbukwe kwamba mboga haichukui nafasi ya vidonge. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito atumie kila siku miligramu 30 hadi 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Bustani husaidiana na vidonge hivyo, na huendelea kuilisha familia baada ya vidonge kwisha.

Hitimisho

Mama yule hakuhitaji shamba wala fedha nyingi. Angepima udongo kwa siki, angeona mapovu, angeacha majivu na maji ya sabuni, angejaza viroba vitano kwa udongo na mboji na kuviweka juani. Mchicha unaong’olewa huwa tayari ndani ya wiki 3 hadi 4. Ule wa kuchumwa huendelea kuchipua. Kabla ya kujifungua angekuwa amevuna mara nyingi.

Wahudumu wa afya nao wana sehemu yao. Ushauri wa “kula mboga za majani” ukiongezewa maswali matatu, yaani mboga hiyo inatoka wapi, inamwagiliwa kwa maji gani, na inaliwa pamoja na nini, humsaidia mama kuliko kauli hiyo ikiachwa peke yake.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini upungufu wa naitrojeni huonekana kwenye majani ya chini, ilhali ule wa chuma huonekana kwenye majani ya juu?
2. Eleza jinsi majivu yanavyoweza kuuletea mmea njaa ya chuma katika udongo wenye chuma kingi.
3. Mmea umenyauka na udongo una unyevu. Utachunguza nini kabla ya kumwagilia?
4. Linganisha kazi ya ndimu katika mlo na kazi ya mboji katika udongo.
5. Taja njia mbili ambazo bustani isiyotunzwa vizuri inaweza kudhuru afya ya mtunzaji wake, na namna ya kuzizuia.